Mama yake ulimwona?

Wezi walikuwa wameingia kwa jirani mara mbili mwezi mmoja, hapa kwetu Njiro, basi nyumbani tukakubaliana tutafute mbwa. Mtu akanipa namba ya kijana anayeuza. Zikaja picha WhatsApp: kitoto cha Jemani Shepadi, masikio bado yameinama, shingoni utepe mwekundu. "Bosi, mzigo upo, amebaki mmoja tu." Nikasema nije kwake nimwone. Akajibu kwake mbali, ataniletea mpaka getini na hela ya usafiri hanidai. Mimi mjinga nikaona ni ukarimu.

Alifika ndani ya boksi la mafuta ya kula. Laki tatu na nusu, taslimu, kijana akawasha bodaboda akaondoka. Tumbo la kile kitoto lilikuwa gumu kama ngoma, nikasema huyu ameshiba. Ilikuwa minyoo. Siku ya nne akaacha kula, akatapika, kisha akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia hutaisahau. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vitoto vya mbwa. Daktari wa mifugo alimtundikia dripu siku mbili, na Jumapili alfajiri akafa juu ya kanga ya mke wangu. Simu ya yule kijana ikawa haipatikani.

Virusi vya parvo hukaa mwilini siku tatu mpaka saba hivi kabla ya dalili kutokea. Kwa hiyo yaelekea alikuja navyo humo humo kwenye boksi. Lakini kilichonikaa moyoni ni swali la daktari, aliloniuliza huku akinawa mikono: "Mama yake ulimwona?"

Niliona mama wa namna hiyo baadaye, nje kidogo ya Moshi, nilipomsindikiza rafiki yangu kupeleka pumba na dagaa. Nyuma ya nyumba nzuri tu, yenye maua, palikuwa na vizimba vya mbao na waya wa kuku. Majike matano. Mmoja chuchu zilikuwa zinagusa chini, manyoya ya kiunoni yamenyonyoka, na tulipopita hakubweka. Mbwa asiyembwekea mgeni! Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba siku 63 hivi. Mwenye banda hataki joto hata moja lipite bure. Azae, anyonyeshe, apandishwe tena. Watoto huondolewa wakiwa na wiki tano, wakati walipaswa kukaa na mama yao walau wiki nane. Mwenyewe alitueleza bila haya: wakishaanza kula sana ni hasara, na wakikua hawapendezi tena pichani.

Najua nitaambiwa watu hawana chakula, wewe unalilia mbwa. Sawa. Ila hata nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Tatizo ni nani atakayeifikisha hiyo sheria uani kwa mtu, nyuma ya maua. Uingereza walijaribu njia nyingine. Tangu Aprili 2020 mtu wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Unamfuata mfugaji mwenyewe, na unamwona mtoto akiwa na mama yake. Sheria inaitwa kwa jina la Lucy, jike aliyezalishwa kwenye shamba moja la Wales mpaka alipookolewa mwaka 2013, mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani.

Sisi hatuna haja ya kungoja Dodoma kwa hili. Yule kijana wa boksi anaishi kwa sababu watu kama mimi tunaona aibu kusisitiza kufika kwake. Wapo wafugaji waungwana, na hao ukiwaambia unataka kumwona jike watakufungulia geti wenyewe, tena kwa majigambo. Anayekuambia kwake ni mbali, mwache na mzigo wake.

Sasa tuna mbwa koko, wa bure, wa kwa jirani wa nyuma. Nilimchukua alipotimiza miezi miwili, na usiku anabweka kuliko Shepadi yeyote mtaani. Jioni mama yake hupenya kwenye uzio, humnusa masikio, hula chakula chake chote, kisha hurudi kwao.