Jani la mgomba, gome la mutuba na kaveera: maoni ya mtu wa pwani anayeishi Kampala

Wenzangu wa Mombasa na Kwale tusikasirikiane, lakini tangu nihamie huku Kampala naona Waganda wana kitu ambacho sisi kwetu kinatuponyoka huku tukiangalia. Sisemi masokwe wa Bwindi na safari za watalii, hayo kila mtu anayajua, nasema vitu vya kila siku, jani, gome, ndege wa kinamasini. Huku mti ukiwa na kazi nyumbani kwa mtu unaachwa usimame, na ule usio na wa kuutetea unageuka makaa mapema sana.

Tuanze jikoni manake ndio kwenyewe. Mama mwenye nyumba wangu akipika matoke anakatakata uti wa jani la mgomba anautandika chini ya sufuria ndizi zisiguse maji, halafu ndizi alizomenya anazifunga kwenye majani, anakunja, anafunika na majani mengine juu mpaka huoni sufuria, moto mdogo, na hapo anaendelea na kazi zake hata masaa matatu. Siku ya wageni ni luwombo, jani linapitishwa motoni lilainike lisipasuke, kuku na mchuzi wa karanga ndani, linafungwa kwa kamba ya mgomba. Wenyewe wanasema ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Ladha ya lile jani mie bado sijaipata kwenye chakula kingine, na hapo ndo utaelewa kwa nini nyumba yenye kiwanja kidogo tu nyuma bado ina migomba miwili mitatu, si ya ndizi peke yake.

Kwetu mnazi ulikuwa hivyohivyo jamani. Tui, makuti, kifumbu, ufagio, kila kitu. Leo paa ni mabati, tui ni la pakiti, na mnazi ukizeeka ukaanguka hakuna anayepanda mwingine.

Jirani yangu mmoja alinipeleka kwao Mpigi nikaona lubugo ikitengenezwa, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, na wallahi nilikaa pale mpaka jua likatua. Wanabandua gome kwenye shina msimu wa mvua, wanalilainisha kwa moto, halafu wanaume wanakaa chini ya kibanda wanalipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mifereji mikubwa halafu midogo, na gome linapanuka mpaka linakuwa kitambaa, likianikwa juani linaiva rangi ya udongo mwekundu. Lakini kilichonigusa zaidi ni mti wenyewe, walipomaliza kubandua wakauvisha majani ya mgomba pande zote lile donda lisikauke. Gome linaota tena na unavuna tena, miaka na miaka, na wakati huohuo mti unawapa kivuli kahawa na migomba. Nikamuuliza mzee, mzee, huu mti nani alipanda, akanijibu mwanangu huu aliupanda baba yangu na bado unanilisha. UNESCO waliitangaza kazi hii kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu 2005, na wasanii wameichukua wameifikisha mbali, Sanaa Gateja anashona shanga za karatasi juu ya lubugo, na Fred Mutebi mchoraji anahimiza watu wapande mutuba, kwa sababu lubugo bila mti haipo.

Ili nisionekane nimewasahau kwetu, makaya yetu, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nayo yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2008. Nenda Kaya Kinondo, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni ndo unaingia na hutoki hata na kijiti. Na pale Gazi kikundi cha Mikoko Pamoja toka 2013 kinalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, pesa inaleta maji na kusaidia shule. Hiyo ni sawa kabisa na wavuvi wa kinamasi cha Mabamba huku, zamani walikuwa wakimuua yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu wakiamini ukimuona siku hiyo hupati samaki, leo haohao wanapeleka watu kwa mtumbwi kumtafuta kwenye mafunjo na wanamlinda kwa sababu ndio riziki.

Sasa niseme linaloniuma. Mji huuhuu wenye majani bora ya kufungia chakula umejaa kaveera, mifuko ya plastiki kila mahali. Rolex ya moto, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, inatiwa kwenye kaveera, na kuna watu sasa wanafunika matoke kwa kaveera badala ya jani, plastiki juu ya mvuke jamani, watoto wale! Sheria ya kuipiga marufuku ipo toka 2009 na bado dukani unapewa bila kuuliza. Kenya tulikataza Agosti 2017 na watu walilalamika sana lakini tukazoea, sasa hivi ukienda sokoni Kongowea na kikapu hakuna anayekushangaa. Hapo Waganda waige kwetu bila aibu. Na hiyo mifuko inaishia wapi, inaziba mitaro halafu inafika kinamasi cha Nakivubo, kilekile kinachochuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia ziwani, na kando yake watu wanazidi kumwaga kifusi wajenge. Kinamasi hakina mzee wa kusema aliupanda baba yangu.

Ila najua watu hawa wakiamua wanaamua. 2007 serikali ilipotaka kumega msitu wa Mabira upandwe miwa, watu walitumiana mesej wasinunue sukari ya kampuni iliyokuwa ipewe msitu, wakaingia barabarani, na wengine walipoteza maisha, mpango ukawekwa kando. Leo ukipita barabara ya Jinja msitu uko pale na vijana wa Najjembe wanakukimbilia dirishani na kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma. Mie nataka sauti ileile iamke kwa ajili ya kaveera na kinamasi. Kijana anayemletea mama mwenye nyumba wangu majani kwa baiskeli ndiye wa kwanza atakayefaidika siku marufuku ikifanya kazi kweli, na wanaofanana naye Kampala hii ni wengi.