Herufi Tatu Zimenimalizia Rangi

Mimi naandika vibao hapa Birere, mtaa wa Goma, na bei yangu ni kwa herufi. Ndiyo maana neno la Kiingereza "the" nililipenda tangu siku ya kwanza: halibebi mzigo wowote, na mteja analipa herufi tatu.

Juzi mama mmoja anayekaanga sambaza, vile visamaki vidogo, karibu na ziwa akataka kibao cha Kiingereza, eti kwa ajili ya wageni wa mashirika. "Papa, andika vizuri, usinitie haya." Nikamwandikia: The Best Sambaza in the Goma. Rangi haijakauka, mwanafunzi mmoja akasimamisha pikipiki, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Papa, the ya mwanzo iache, maana bora kuliko zote ni moja tu. Lakini Goma haina the."

Haina? Na Ziwa Kivu? "Nalo halina." Mto Congo? "Huo unayo." Nyiragongo? "Haina." Nikasema basi, milima haina. "Hapana papa, mlima mmoja hauna, lakini milima ya Virunga kwa pamoja inayo."

Nyiragongo hiyo hiyo ya Virunga! Imeteremsha moto mjini 2002, ikarudi 2021, bado haijastahili the. Waholanzi, nchi yao tambarare kama meza, wanayo. Nchi yetu nayo kwa Kiingereza inaitwa kwa the mbili, na hakuna aliyenilipa hizo herufi sita. Afadhali Kifaransa cha shuleni, fimbo zote zile: ziwa lina le, Nyiragongo ina le. Goma peke yake ndiyo inanyimwa kotekote.

Nikamuuliza, nikiweka a je, si nafuu? Akasema hapo itakuwa Goma fulani tu, kama vile ziko kumi. Halafu akanimaliza: hour inaanza kwa h lakini inachukua an, university inaanza kwa u lakini inachukua a. Wanafuata sikio, si macho. Sasa mimi mwandika vibao nitafanya kazi kwa sikio?

Kwetu ukisema leta kiti, kiti kinakuja. Ukitaka kile cha jana, unasema kile. Basi.

Nikafunika ile the kwa rangi nyeupe, ya mfukoni mwangu. Jana mvua imenyesha, nyeupe ikachuruzika, the ikachungulia. Mama ameisimamia, kidole juu yake: "Papa, hii siilipi."