Stuli Inayumba, Maksi Tuzipeleke Wapi?

Jumamosi nilikuwa Unga Limited, Arusha, kwa fundi seremala anayenitengenezea mlango tangu Sabasaba (tusiseme zaidi). Pembeni vijana wawili wa mazoezi, kila mmoja na stuli yake. Moja inang'aa vanishi, ila ukiipindua unakuta maungio yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Ya pili inayumba. Lakini mwenyewe ana kipande cha mfuko wa saruji chenye michoro mitatu, miwili ameikata kwa penseli. Nikamuuliza mbona upau wa chini umehama.

"Ulikuwa karibu na kiungo cha juu, shangazi. Nikitoboa tena pale mguu unapasuka."

Walioanza mkondo wa amali, yaani sekondari ya ufundi, Januari 2024 watafika kidato cha nne 2027. Kati ya hawa wawili, nani apewe A? Maswali ya kuchagua herufi, tuliyoyazoea darasa la saba, hayatasema kijana alifikiri nini. Tukipima kitu kilichokwisha tu, vanishi itashinda.

Basi tudai michoro? Nawajua wanafunzi. Stuli inamalizwa kwanza, halafu usiku wa kuamkia ukaguzi yanachorwa "mawazo ya awali", manne, safi kama ya harusi.

Uingereza walihangaika na hili zamani. Kati ya 1985 na 1991 watafiti wa chuo cha Goldsmiths, London, wakiongozwa na Richard Kimbell, walipima jinsi wanafunzi wapatao 10,000 wa miaka 15 wanavyobuni vitu. Jaribio lilikuwa la dakika 90, na kijitabu chake kilikunjuliwa hatua kwa hatua: andika wazo la kwanza papo hapo, liendeleze, kisha lihoji mwenyewe. Wasahihishaji walitoa hukumu ya kazi nzima kwanza, ndipo wakachambua vipengele. Miaka ya baadaye zikaongezwa picha za kila hatua, na kazi zikawa zinashindanishwa mbili mbili: ipi bora?

Mimi ningeanza na picha. Simu moja ya karakana, mwalimu apige kila baada ya saa. Bando alipe mwajiri, si mwalimu! Halafu kazi za Arusha zishindanishwe na walimu wa Mtwara.

Pale pale niliwaonyesha mafundi wanne zile stuli mbili, pamoja na kile kipande cha mfuko. Watatu wakachagua inayoyumba. Wa nne akaibonyeza kwa kiganja, akasema mguu wa nyuma umezidi kidogo, alete msumeno.