Thoriamu haijafichwa na mtu, inacheleweshwa na kemia yake

Kila baada ya muda inazunguka ile hadithi kwamba dunia ingeshakuwa na umeme wa bei chee tangu miaka ya 70, ila Wamarekani waliizika thoriamu, ile metali yenye mionzi inayoweza kuzalisha fueli ya vinu vya nyuklia, kwa sababu haitengenezi bomu. Na sisi huku tunaongezea yetu, kwamba mlima Mrima kule Kwale, pwani ya Kenya, una thoriamu kibao kwa hiyo tumekalia utajiri. Wanaoonewa kwenye hadithi hii ni wakemia, watu walioishika hii kitu maabara wakasema jamani ngojeni kwanza, leo wanaitwa wala njama.

Hoja za wapenzi wa thoriamu si za kubeza lakini. Kwenye miamba ipo mara 3 hadi 4 ya urani, haihitaji kurutubishwa (kuongezewa sehemu ya atomu zinazopasuka kama inavyofanyiwa urani), na kutoka thoriamu-232, ile ya kwenye miamba, mpaka plutoniamu ni safari ndefu ya kumeza nyutroni moja baada ya nyingine kwa hiyo taka zake nzito ni chache. Halafu kuna Shippingport, Pennsylvania, ambapo kinu cha maji kilichowekewa fueli ya thoriamu kiliendeshwa 1977 hadi 1982, na walipokuja kuipima ile fueli wakakuta atomu za kupasuka zimezidi zile za mwanzo kwa asilimia 1 na ushee. Miaka mitano ya kutoa umeme na akiba imeongezeka! Hilo lilifanyika kweli na hakuna wa kulipinga.

Sasa tuje kwenye kemia. Ndani ya ukoo wa aktinidi, yaani metali nzito zenye mionzi kama urani na plutoniamu, thoriamu ndiyo yenye msimamo, karibu muda wote iko kwenye hali ya +4 (imepoteza elektroni nne), wakati urani inahama toka +3 hadi +6 na plutoniamu ndio usiseme, kwenye chupa moja unaweza kuikuta iko kwenye hali nne kwa mpigo. Msimamo huo unaifanya oksidi ya thoriamu iwe ngumu ajabu, haioksidiki zaidi, haiyeyuki mpaka upite nyuzi 3,300, na ndio maana vile vijifuko vinavyong'aa ndani ya taa za karabai miaka mingi vilitengenezwa kwa thoriamu. Ndani ya kinu hiyo ni sifa nzuri sana. Shida inakuja siku unataka kuichakata ili utoe urani-233 iliyozaliwa humo, ambayo ndiyo inayopasuka na kutoa nishati, maana oksidi ya urani inayeyuka vizuri kwenye asidi ya nitriki ila ya thoriamu inagoma mpaka uongeze floridi, na floridi nayo inaanza kula mitambo yako. Plutoniamu unaibadilisha hali inajitenga na urani, thoriamu haibadiliki, huna pa kuishikia.

Lakini kama kuna namba moja ningependa kila anayeshabikia thoriamu aikariri ni 27. Thoriamu yenyewe haiwashi kinu, lazima imeze nyutroni kwanza, iwe thoriamu-233, ambayo baada ya dakika 22 nusu yake imeshakuwa protaktiniamu-233, na hapo ndipo foleni inapoanza kwa sababu protaktiniamu inachukua siku 27 kwa nusu yake tu kugeuka urani-233, nusu ya iliyobaki siku 27 nyingine, ukitaka karibu yote igeuke ni miezi tisa. Kwa njia ya urani kwenda plutoniamu kituo kama hicho ni siku 2 na kidogo! Na hizo siku zote protaktiniamu iko katikati ya nyutroni, ni kama yai chini ya kuku, likigongwa kabla ya siku zake kifaranga hupati: umepoteza nyutroni na umepoteza urani-233 ambayo ingezaliwa. Ndio maana Oak Ridge, maabara ya taifa ya Marekani, walichora mpango wa kinu ambacho fueli yake imeyeyushwa ndani ya chumvi ya moto, protaktiniamu ichomolewe humo kwa kutumia metali za bismathi na lithiamu, tena mfululizo, kinu kikiendelea kuwaka. Kwenye karatasi inapendeza mno. Kwenye kinu chao maarufu cha chumvi, kile cha 1965 hadi 1969, haikufanyika, na kinu chenyewe hakikuwekwa thoriamu kabisa, kilitumia urani-235 halafu urani-233 iliyotengenezwa kwingine. Watu wanakitaja kama ushahidi wa thoriamu, sivyo.

Na hilo la kwamba thoriamu haitengenezi bomu si kweli. Marekani walishalipua bomu lenye urani-233 kule Nevada 1955. Kinacholindalinda ni urani-232 inayoambatana nayo, ambayo mwisho wake inatoa mionzi ya gama mikali sana, ila mionzi hiyohiyo inamlazimu mtengeneza fueli afanye kazi nyuma ya kuta nene kwa mikono ya mashine, na gharama inapanda hapo. Ukiichomoa protaktiniamu ukaiweka pembeni ukapanga muda vizuri, unapata urani-233 safi zaidi. Yaani dawa ya tatizo la siku 27 inafungua mlango wa bomu.

Siasa ilikuwepo pia, sikatai, Alvin Weinberg aliyekuwa akiisimamia Oak Ridge aliondolewa 1973 na pesa zikaenda kwenye vinu vya plutoniamu. Lakini India haikuzuiwa na Wamarekani kupenda thoriamu, mpango wa mwanafizikia wao Homi Bhabha ni wa miaka ya 50, mchanga wa jimbo la Kerala umejaa monaziti, madini yenye thoriamu, na kinu chao cha urani-233 pale Kalpakkam, KAMINI, ni cha kilowati 30 tu. China nao wana kinu cha chumvi Wuwei, Gansu, megawati 2 za joto, kimewaka tangu 2023. Nawatakia heri kwa moyo wote, ila watu wasubiri kuona kama wanaweza kuichomoa protaktiniamu kinu kikiwa kinawaka, mwaka hadi mwaka, kabla hawajaanza kuipigia hesabu thoriamu ya Mrima. Kwa sasa wa kuchimba pale atakuwa anafuata niobi, metali ya kuimarisha chuma, na madini adimu, na thoriamu itabaki kwenye kifusi chenye mionzi karibu na mashamba ya watu wa Kwale.