Simu ya Wi-Fi Kukatika Ukitembea Si Suala la Mawimbi Hafifu

Ninapoitwa kwenye jengo ambalo simu za Wi-Fi hukatika watu wakitembea, ombi la kwanza huwa ni lilelile: ongeza nguvu ya mawimbi. Nalipinga kila mara, kwa sababu mara nyingi nguvu hiyo ndiyo chanzo cha tatizo.

Katika hospitali moja niliyoihudumia, muuguzi alitoka wodini huku akizungumza na daktari kwa simu, na kila alipofika kwenye ngazi sauti ilipotea kwa muda kisha ikarudi. Anayeamua kuhama kutoka kituo kimoja cha Wi-Fi kwenda kingine ni simu yenyewe, wala si mtandao. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yanaposhuka chini ya -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi); kwa hiyo kituo cha wodini kikipaza mno, simu huking'ang'ania hadi ngazini, ilhali sauti yake yenyewe, yenye nguvu ndogo, haikifikii tena.

Kisha kuna suala la uthibitisho. Mahali ambapo kila mtumiaji huthibitishwa na seva, kuhama kituo kunaweza kumaanisha kuanza upya, ujumbe ukienda na kurudi hadi kwenye seva hiyo wakati mazungumzo yanaendelea. Kwa kawaida sauti husafirishwa katika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, za milisekunde 20, hivyo nusu sekunde ni pakiti 25, zinazotosha kubeba kipimo cha dawa alichokitamka daktari. Kiwango cha 802.11r, kanuni ya Wi-Fi ya kuharakisha kuhama kituo iliyotolewa mwaka 2008, huandaa funguo za usalama mapema, na simu humalizana na kituo kipya kwa jumbe nne tu, pasipo kuirudia seva.

Inanisikitisha kwamba mafundi wengi hukizima kiwango hicho kwa kuhofia vifaa vya zamani kushindwa kuunganishwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuzipa simu za sauti jina lao la mtandao, si kuwanyima wauguzi huduma kwa ajili ya printa ya zamani. (Vituo visasishwe pia, kwani udhaifu wa usalama wa Wi-Fi uitwao KRACK, uliotangazwa mwaka 2017, uligusa hata kiwango hiki.)

Ningependa mikataba ya Wi-Fi ya hospitali iweke sharti moja kabla ya malipo ya mwisho: fundi apige simu wodini, ashuke ngazi, avuke korido hadi maabara, na mteja awe ndiye anayesikiliza upande wa pili.