Shemeji, hicho kidonge cha mgongo kiache kwanza

Juzi nilimkuta shemeji yangu, mvuvi, huko Kibirizi, Kigoma, kakaa kivulini anatazama wenzake wakigeuza dagaa kwenye vichanja. Ana wiki ya tatu tangu apate mshtuko wa moyo. Mkononi kashika kibahasha cha kaki, ndani diklofenaki.

"Shemeji, unameza nini?"

"Cha mgongo tu."

Cha mgongo tu!

Mshipa wa moyo ukiziba, kipande cha nyama ya moyo hufa kwa kukosa damu. Ndani ya saa chache seli nyeupe za damu humiminika pale. Za kwanza ni kali, zina fujo. Siku chache baadaye huja zinazokula mabaki na kuita mafundi wa kujenga kovu. Huo ndio mchochota, uleule unaofanya mguu uliochomwa na msumari uwe wa moto na kuvimba. Mimi nauona kama kibarua: bila yeye uwanja hausafishwi, ila asipoondoka kazi ikiisha, anaanza kubomoa hata kuta zilizo imara.

Tena moyo haupumziki kama mguu. Kovu likiwa bichi, kila pigo linalivuta. Mchochota ukizidi au ukikawia kutulia, ukuta hukonda, chumba cha kushoto hutanuka, na miezi baadaye mtu anavimba miguu na kuhema akipanda tu kutoka ufukweni. Mtaani tunauita moyo mkubwa.

Basi si tuuzime? Wamejaribu. Utafiti wa CANTOS wa mwaka 2017, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko, ulitumia kanakinumabu, dawa inayofunga mdomo wa mjumbe mmoja tu wa mchochota. Kwa dozi ya miligramu 150, matukio mapya ya moyo yalipungua kwa asilimia 15 hivi, lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka. Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, nayo ilisifiwa mwaka 2019. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi haukuona faida. Wataalamu bado wanavutana, sisi tunajiamini nini na vidonge vya kununua dukani bila cheti?

Diklofenaki nayo huzima mchochota, ila haichagui kibarua wa kumfukuza. Inabakiza chumvi na maji mwilini, inapunguza nguvu ya dawa za moyo na presha kama enalapril, na inaongeza hatari ya mshtuko mwingine. (Aspirini ndogo aliyoandikiwa ni habari nyingine: kazi yake ni kuzuia damu isigande, hiyo haiachwi.) Mgongo ukiuma, muulize daktari kuhusu parasetamoli.

"Mbalamwezi hii ikipita narudi ziwani," akasema.

Nikamwambia kovu la moyo huchukua kama miezi miwili kukomaa. Ahesabu mbalamwezi mbili, na hata hapo wa kumruhusu ni daktari. Akanikabidhi kibahasha bila ubishi. Nikamuuliza aspirini na enalapril ziko wapi.

"Nyumbani. Nimepumzika nazo, sasa sisikii kitu."