Mmesahau makavu

Makala yenu inahimiza kutengeneza mboji (mbolea ya vitu vilivyooza) kwa mabaki ya jikoni, lakini majani makavu hayakutajwa kabisa, na hapo ndipo wengi hukwama. Maganda ya matunda na mboga yana maji mengi na naitrojeni. Ukiyarundika yenyewe tu hewa haipiti, yanavunda na kunuka. Kila ndoo moja ya maganda ifunike kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu au maboksi yaliyochanwachanwa (bandua utepe wa plastiki kwanza). Pipa la mboji litobolewe chini na ubavuni ili hewa ipite. Geuza kila wiki. Kupima unyevu, minya konzi moja ya mboji: yatoke matone mawili matatu. Maji yakichuruzika, ongeza makavu. Nyama na mafuta usitie, panya watahamia.